Mwaka Niliochomelea Upya Kazi ya Mzee Mutua

Tangu nistaafu nimelitengeneza geti la nyumbani kwangu mara mbili, na mke wangu anasema hata mara ya kwanza halikuwa na shida. Kukaa sijawahi kujua. Ndiyo sababu Omondi, anayesimamia karakana siku hizi, aliponiomba niwaandikie ninyi vijana mambo ya kazi, nilikubali upesi kabla sijaling'oa geti mara ya tatu. Alitaka niandike juu ya vyuma, rodi za kuchomelea na vipimo. Hayo nitayagusa. Lakini kuna jambo moja ambalo yeye analijua na ninyi hamlijui, na hilo ndilo limenifanya nitafute kalamu.

Nilifika Kitengela miaka ya tisini ikiwa bado michanga, nikitokea Murang'a, ambako nilikuwa fundi wa madirisha na vitanda vya chuma. Kitengela wakati huo ilikuwa barabara ya Namanga na maduka pande mbili. Ng'ombe walipita mbele ya benki. Kiangazi vumbi jeupe la saruji lilitufikia kutoka Athi River, na mvua ikinyesha ule udongo mweusi ulikuvua buti ukaendelea na soksi.

Karakana ilikuwa ya Mama Halima, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Wajir. Alikuwa ameuza ng'ombe akanunua beko kuukuu, ile mashine yenye koleo mbele na mkono wa kuchimbia nyuma, ili aikodishe. Baketi ya huo mkono ilipopasuka, Nairobi wakamwambia asubiri mwezi mzima. Mama Halima hakuwa mtu wa kusubiri mwezi. Alichukua ploti, akaizungushia mabati, akatafuta fundi, na kabla ya mwezi kwisha baketi yake ilikuwa inachimba. Wenye mashine wengine walipoona, wakaanza kuleta zao.

Fundi aliyempata ndiye Mzee Mutua. Alikuwa mtu wa Machakos, mfupi, mwenye mabega mapana, aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana za reli. Alivaa kofia ya sufi hata jua likiwa kali, na chini ya ile kofia macho yake yalikuwa madogo, yakikutazama kama mtu anayepima bamba.

Siku yangu ya kwanza alinipa vipande viwili vya chuma vilivyochomelewa. Kimoja mshono wake ulikuwa laini, umelala vizuri kama msuko wa nywele. Kingine kilikuwa na matuta.

"Gani mzuri?" akaniuliza.

Nikaonyesha ule laini. Akaubana kwenye jiliwa, akaupiga nyundo kubwa mara moja. Ukafunguka. Ndani kulikuwa na ganda la rodi lililonaswa, jeusi, mstari mrefu kama wadudu wamepita. Ule wa matuta aliupiga mara nne na chuma kikapinda, lakini mshono haukuachia.

"Dirisha likiachia, mwizi ataingia," alisema. "Hii ikiachia, kuna mtu chini yake. Usiniletee mambo ya madirisha hapa."

Nikarudi nyuma kabisa, kama mtu ambaye hajawahi kushika rodi. Alinifundisha kuchonga kingo za bamba nene ziwe mteremko, ili moto ufike chini na usipake tu juu. Alinifundisha kupasha chuma kizito moto kwa gesi kabla ya kukichomelea, kwa sababu chuma baridi hukubali mshono asubuhi na kuukataa mchana. Rodi zetu zilikaa ndani ya friji mbovu iliyowekwa balbu inayowaka saa zote, kwa sababu rodi ikinyonya unyevu mshono unajaa vitundu. Wageni walikuwa wakifungua lile friji wakitafuta soda. Na alinifundisha ule mtihani ambao bado mnautumia: paka mafuta ya taa upande mmoja wa mshono, chaki upande wa pili, kisha nenda kafanye kazi nyingine. Palipo na ufa, chaki italowa.

Nilikuwa mwanafunzi mgumu kwa sababu sikutulia. Nikimaliza mshono naurudia kuuangalia, naenda kunywa chai, narudi tena. Mashine ikishaondoka, kichwani naona ule mshono. Kuna Jumapili nilipanda baiskeli hadi machimbo ya mawe nyuma ya Isinya kuangalia baketi ambayo haikuwa na tatizo lolote. Opareta alidhani nimetumwa kuiba. Mzee Mutua alipopata habari alicheka, moja ya mara chache, akasema, "Huyu wacha abaki. Mwenye kulala usingizi hafai kwa hii kazi."

Tukafanya kazi pamoja hivyo zaidi ya miaka kumi. Tulitengeneza baketi za mawe zenye meno marefu, baketi pana za kusafishia mitaro, uma za loda za kubebea mizigo, majino ya kupasulia mwamba. Kajiado ilikuwa inachimbwa kila upande: mitaro ya mabomba, silanga za maji ya mifugo, misingi ya nyumba. Ile ardhi juu yake ni udongo na chini yake ni jiwe jeupe linalotafuna meno ya chuma kama mtoto anavyotafuna muwa. Hatukukosa kazi. Omondi alijiunga nasi kukata mabamba kwa gesi, na mkono wake ulikuwa umenyooka kuliko rula.

Sijui hasa ni lini macho ya Mzee yalianza kwenda. Najua lini niliona. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Alikuwa anachomelea sikio la baketi, lile pande nene lenye tundu ambalo pini hupitia kushika mkono wa mashine. Sikio ndilo linalobeba kila kitu. Alimaliza, akagonga ganda, akaenda kula. Nikapita na desturi yangu ya kuchungulia. Mshono ulikuwa mzuri kwa urefu wa kiganja, halafu ukahama. Ulikuwa umelala juu ya bamba, pembeni, na kiungo chenyewe kikabaki wazi kwa urefu wa vidole viwili.

Nikasimama pale. Nilijiambia amechoka. Mzee alikuwa anakula kwenye kibanda ng'ambo ya barabara, githeri ile ile ya mahindi na maharagwe kila siku, saa nzima bila kukosea. Nikachukua grinda nikaukata ule mshono wote, nikapasha chuma moto, nikauchomelea upya. Aliporudi alikuta sikio limekaa sawa. Akapitisha kidole juu yake, akaguna kwa kuridhika, akaendelea na la pili.

Wiki iliyofuata ikatokea tena. Kisha mara mbili kwa wiki. Nikaona vitu vingine pia: akianza kuwasha rodi anagusa pembeni mara tatu nne kabla ya kupata mahali; akimimina chai anaweka kidole ndani ya kikombe kupima ilipofika; mtu akiingia getini anangoja azungumze ndipo amsalimie kwa jina. Nikaacha kula mchana. Saa yake ya githeri ikawa saa yangu ya grinda. Kama kazi ilikuwa kubwa nilikuja asubuhi kabla yake. Mke wangu aliniuliza mbona nimekonda, nikamwambia ni kazi, na haikuwa uongo.

Omondi alikuwa anaona. Siku moja alizima gesi akaniangalia nikiwa nimeinama na grinda.

"Ndegwa, hii tutaenda nayo mpaka lini?"

"Mzee amechoka tu."

"Amechoka mwaka mzima?"

Niliwasha grinda tena. Mngeniuliza wakati ule ningewaambia ni heshima. Huyu ni mtu aliyenitoa kwenye madirisha. Nitasimamaje mbele yake nimwambie haoni? Nikimwambia Mama Halima, si atamrudisha Machakos? Niliona ninambeba. Na nitasema kweli, nilijiona mtu mzuri.

Ndipo baba yangu mdogo akafariki, nikaenda Murang'a kumzika. Nilikaa huko siku sita. Kabla ya kuondoka nilimwita Omondi kando, nikafungua mdomo nimwambie aangalie kazi ya Mzee nikiwa sipo. Nikafunga mdomo. Kumwambia kungekuwa kulisema lile jambo, na mimi nilikuwa nimekaa mwaka mzima bila kulisema. Nikamwambia tu, "Chunga karakana." Akaniitikia.

Huko Murang'a sikutulia hata siku moja. Watu walidhani ni huzuni.

Nilirudi siku ya Jumatatu. Nikauliza ni vitu gani vimetoka. Omondi alisema vitatu: baketi ya eskaveta iliyokuwa inachimba mtaro wa bomba karibu na mji wa Kajiado, uma za loda za mjengo mmoja wa Nkoroi, na jino la kupasulia mwamba lililopelekwa Loitokitok. Vyote vitatu vilichomelewa na Mzee. Nilikuwa bado nimeshika mkoba wangu wakati Mama Halima alipotoka ofisini na simu mkononi. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Baketi ya Kajiado imeanguka," alisema. "Iko juu ya mtu."

Tulienda kwa pikapu ya karakana, Mama Halima akiendesha, mimi na Mzee Mutua pembeni yake. Tulipofika, yule mtu alikuwa ameshatolewa na kupelekwa hospitali. Aliitwa Lemayian, kijana wa kazi ya kupima kina cha mtaro kwa fimbo. Alikuwa ameshuka kupima, baketi ikiwa juu imejaa. Sikio moja likaachia, baketi ikaning'inia kwa lile la pili, ikazunguka, ikambana mguu kwenye ukuta wa mtaro. Wenzake walituambia mguu umevunjika mahali pawili. Waliongea kwa Kimaasai kati yao wakitutazama, na sikuhitaji kutafsiriwa.

Baketi ilikuwa imelazwa kwenye udongo. Niliona pale palipoachia kabla sijaikaribia: mshono umelala juu ya bamba, kiungo wazi. Mama Halima alisimama kati yetu wawili.

"Nani alichomelea hii?"

Nilinyamaza. Hata hapo nilinyamaza. Mzee Mutua alipiga magoti, akavua glavu, akapitisha vidole kwenye ule mvunjiko. Alirudia mara tatu. Kisha akainuka taratibu, akijishikilia kwenye meno ya baketi.

"Ni mimi, Mama," alisema. "Huu ni wangu. Sikupata chuma."

Mama Halima hakumfokea. Alituacha pale akaenda hospitali kuona familia ya Lemayian. Mzee alibaki amesimama, uso umeelekea upande ambao hakukuwa na kitu. Halafu akaniuliza, bila kugeuka:

"Zingine zote mbona hazikuanguka?"

"Zipi, Mzee?"

"Ndegwa. Macho yangu yameharibika kitambo. Hii ni moja. Zingine mbona hazikuanguka?"

Ikabidi nimwambie. Nilimwambia yote, saa ya githeri, grinda, asubuhi za mapema. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwaka mzima," alisema.

"Mwaka na kidogo."

"Nilikuwa naona ukungu. Nikasema wacha niende kwa daktari. Halafu nagusa kazi, nakuta iko sawa. Naambiwa hakuna iliyorudishwa. Nikasema, basi, macho yameenda lakini mkono uko. Mkono unajua njia." Akavaa glavu zake. "Kumbe nilikuwa nagusa kazi yako."

Hakungoja nijibu. Aliniambia tu, "Bado viko viwili. Twende."

Nilipiga simu Nkoroi kwa simu ya duka, wakaniambia loda iko kazini na msimamizi hayuko karibu. Tulipata lifti ya lori la mchanga hadi Kitengela, tukachukua mashine ya kuchomelea na jenereta, na Omondi akatupeleka Nkoroi kwa pikapu ya jirani. Nilikuwa namwambia aongeze mwendo kila baada ya dakika mbili. Mwishowe aliegesha kando ya barabara akasema kama nataka kuendesha nije niendeshe. Nikanyamaza, lakini miguu yangu iliendelea kukanyaga pale chini.

Uma zilikuwa zinapandisha mawe ya kujengea hadi ghorofa ya kwanza. Wanawake wawili waliokuwa wakibeba maji walipita chini yake nikiwa natazama. Nilikimbia nikasimama mbele ya loda mikono juu. Opareta aliniambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Alipozishusha, Mzee Mutua aliomba nyundo ndogo. Aligonga mshono wa kwanza, akainamisha kichwa. Akagonga wa pili. Akarudia wa pili.

"Hapa," alisema. "Sikiza. Huu mmoja unaimba, huu unakohoa."

Mimi sikusikia tofauti. Tulipaka mafuta ya taa na chaki, tukangoja. Chaki ikalowa pale pale alipoweka kidole. Ufa ulikuwa na urefu wa kalamu. Yule opareta aliuona akakaa chini kwenye jiwe. Nilikata, nikachomelea upya, na safari hii Mzee alikuwa amesimama karibu yangu, na kila mtu pale alijua nafanya nini.

Kesho yake, kulipopambazuka, tukaanza safari ya Loitokitok. Ni mbali, na barabara ya siku zile ilikuwa inakutikisa hadi unasahau ulichokuwa unafikiria, jambo ambalo ningelishukuru kama lingetokea. Mzee hakunisemesha mpaka mlima ulipotokea. Yeye hakuuona. Aliniuliza kama theluji bado ipo, nikamwambia ipo kidogo.

Tulikuta eskaveta inapasua mfereji wa kumwagilia mashamba ya vitunguu. Lile jino lilikuwa linaingia kwenye jiwe na kutoka, linaingia na kutoka, likifanya kazi vizuri kabisa. Opareta alikuwa mama mmoja wa makamo kutoka Nyeri, aitwaye Wangari, na alikuwa na haraka. Wakulima walikuwa wamesimama ukingoni na majembe wakingoja maji.

"Hili jino halijanisumbua hata dakika moja," alisema. "Kwa nini nizime?"

Mzee Mutua akamweleza mwenyewe. Alisema, "Mama, mimi ndiye nililichomelea, na mimi sioni. Kuna mtu ameumia." Wangari akazima mashine.

Mzee aligonga. Akagonga kila upande, akizunguka, mkono mmoja juu ya chuma. Alichukua muda mrefu hadi wakulima wakakaa. Kisha akarudisha nyundo.

"Hii iko sawa. Inaimba yote."

Tukapaka mafuta ya taa na chaki. Chaki ikabaki kavu. Kila mtu akanitazama, na mimi nilijua natakiwa kusema sawa, tukusanye vitu, twende nyumbani. Sikuweza. Kichwani niliuona mguu wa Lemayian. Nilisema nataka kukata nione ndani.

"Mnaharibu kitu kizima," Wangari alisema.

"Mwache akate," Mzee akasema. "Asipokata atarudi hapa Jumapili na baiskeli."

Nikakata. Niliingia na grinda hadi chini kabisa, safu baada ya safu, nikitafuta ganda, tundu, mahali palipohama. Hapakuwa na kitu. Chuma kilikuwa kimeshikana hadi kwenye mzizi, kimoja, kama hakijawahi kuwa vipande viwili. Ulikuwa mshono bora kuliko wowote niliowahi kufanya, na nilikuwa nimeutoboa mbele ya aliyeutengeneza. Nikamwambia hivyo. Alitikisa kichwa, akasema nipashe moto vizuri nikiurudisha. Kazi ilichukua saa tatu. Wakulima walingoja maji saa tatu kwa sababu ya moyo wangu, na sikuwaomba radhi ya kutosha.

Nimefikiria sana juu ya lile jino. Katika ule mwaka mzima, ni mishono mingapi ya Mzee niliyoikata kwa woga ilhali ilikuwa mizima? Kuelekea mwisho wa mwaka ule nilikuwa nakata bila hata kuangalia. Sitajua kamwe.

Juma lile lile nilienda hospitali kumwona Lemayian. Mguu ulikuwa umewekwa plasta hadi kwenye paja. Mama yake alikuwa ameketi karibu na kitanda. Nilimsalimia Lemayian kwa Kimaasai changu kibovu, "Sopa," akajibu "Epa," akanipisha niketi. Nikamweleza mimi ni nani. Nikamwambia Mzee haoni na mimi nilikuwa najua.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Wewe ungesimama chini ya hiyo baketi?"

Nilimwambia hapana. Akamtafsiria mama yake. Yule mama akasema jambo moja fupi. Nikauliza amesemaje. Lemayian akasema, "Anauliza kama wewe uko na watoto." Nikasema ninao watatu. Mama akageukia dirishani, na mazungumzo yakaisha.

Lemayian alitembea tena baada ya miezi mingi, mguu mmoja mfupi kidogo. Mama Halima alimpa kazi ya kusimamia mashine zake za kukodisha, na akawa mkali kuliko sisi sote. Mashine isiyopita nyundo yake haitoki getini. Ile sheria mnayoilalamikia, kwamba kila kitu kinakaguliwa na mtu asiyekitengeneza, mbele ya aliyekitengeneza, ni ya Lemayian. Haikutoka kwa Mama Halima wala kwangu.

Mzee Mutua nilimpeleka kwa daktari wa macho Nairobi. Mama Halima ndiye aliyeamuru, lakini niliomba niwe mimi. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Alimulika jicho la kushoto kwa muda mrefu, kisha la kulia. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, alisema, linaweza kupasuliwa na litaona. La kushoto lilikuwa limeharibiwa na shinikizo ndani ya jicho, na lilikuwa limekufa.

"Angekuja lini ndiyo lingepona?" niliuliza.

Mzee alinigusa goti niache. Lakini daktari alikuwa ameshaanza kujibu.

"Shinikizo lina dawa za matone. Haliponi kabisa, lakini linazuiwa lisiendelee. Mwaka mmoja nyuma pengine tungeliokoa."

Mwaka mmoja. Tulitoka nje tukasimama kwenye kibaraza. Kulikuwa na watu wengi, wengine wamefungwa bandeji. Nilimwambia Mzee anisamehe.

"Mimi pia nilikuwa najua," alisema. "Tulikuwa wawili kwa huu uwongo. Usijibebee wote peke yako, utaniacha bila kitu." Kisha akaniuliza gari liko upande gani.

Walimpasua jicho la kulia mwezi uliofuata. Alikaa nyumbani Machakos majuma kadhaa, na sisi tukaendelea na kazi. Nilikuwa sasa ndiye fundi mkuu, jambo ambalo halikunipa raha yoyote. Nilianza tena kula mchana, nikiwa nimesimama kando ya kazi.

Alirudi siku ya Alhamisi bila kutuarifu. Niliona kofia ya sufi ikiingia getini. Alisimama, akatutazama mmoja mmoja, akaita majina yetu kabla hatujazungumza. Omondi alizima gesi. Mzee alinisogelea pale nilipokuwa, juu ya sikio la baketi mpya niliyoikamilisha asubuhi ile, na ambayo tayari nilikuwa nimeikagua mara nne. Akavaa miwani minene ambayo sikuwahi kumwona nayo. Akainama hadi pua ikakaribia kugusa chuma, akafuata mshono wangu polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Akaweka kidole mahali fulani.

"Ndegwa," alisema kwa sauti, kila mtu akasikia. "Hapa hukupata chuma."

Nikainama. Ilikuwa kweli. Nikachukua grinda, na wote wakanisogelea kutazama nikikata.